SHTAKA LA KUHARIBU MALI: NI MALI YA NANI, NA MHARIBIFU NI NANI?

Kila raia wa Kenya wanapojitokeza kudai haki zao, mambo matatu huwafuata kwa utaratibu ule ule. Kwanza huja rungu na gesi ya kutoa machozi. Pili huja lori la polisi, ambalo humzoa aliyebeba bango pamoja na aliyekuwa akingoja matatu arudi kwake. Tatu, asubuhi inayofuata, huja hati ya mashtaka. Hati hiyo haisemi kwamba mshtakiwa alidai katiba, au alipinga kodi, au alitetea uwanja wa shule. Husema kwamba, akiwa pamoja na wengine ambao hawako mbele ya mahakama, aliharibu mali kwa nia mbaya.

Kwa maneno hayo machache mdai haki hugeuzwa mhuni, na mjadala mzima hubadilika. Badala ya taifa kuuliza kwa nini watu walitoka barabarani, huuliza nani alivunja kioo. Badala ya mtawala kujibu, raia ndiye anayetakiwa kujibu. Nasi tuliodai mfumo wa vyama vingi tangu siku ambazo neno hilo lilikuwa uhaini tunasema wazi: shtaka hili limekuwa kamba ya kuwafungia wanyonge, na kamba hiyo hukazwa zaidi na ujinga wetu wa sheria kuliko na ushahidi wa polisi. Shtaka la kuharibu mali lina majibu, na majibu hayo yamo ndani ya sheria yenyewe. Serikali hushinda kwa wepesi pale tu mshtakiwa anaposimama kizimbani peke yake, bila wakili, bila shahidi, akakiri kosa ambalo hakulitenda ili apate kurudi nyumbani.

SILAHA YA ZAMANI

Watawala wetu hawakuanza jana kuivika siasa nguo za jinai. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930 chini ya mkoloni. Bendera ilipobadilishwa mwaka 1963 sheria hiyo ilibaki mahali pake, na waliokuwa wameadhibiwa nayo jana wakaikuta leo mikononi mwa ndugu zao.

Mwaka 1986 waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakafikishwa mahakamani, wengi wao bila mawakili na wengine nje ya saa za kawaida za kazi. Walikiri, wakahukumiwa katika muda mfupi usiotosha hata kuisoma hati ya mashtaka kwa utulivu. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu imekuwa ikiwapa fidia waathiriwa wa mateso ya jengo hilo. Lakini fidia haimrudishii mtu miaka aliyoipoteza gerezani, wala haifuti somo kubwa la kesi zile: neno moja, “nakubali”, lilitosha kuwafunga watu ambao serikali isingeweza kuwathibitishia chochote.

Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, mkutano wa Kamukunji ulipigwa marufuku. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliouitisha, walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini bila kesi. Ama makabwela waliokamatwa mitaani katika siku zile, hao hawakupewa hata heshima ya kuitwa wafungwa wa kisiasa. Walipelekwa mbele ya mahakimu kama waporaji na wazushaji ghasia. Mwaka 1993 Koigi wa Wamwere alishtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu, kosa ambalo adhabu yake katika vitabu ni kifo, na mnamo Oktoba 1995 mahakama ya Nakuru ikamhukumu kifungo cha miaka 4 na viboko kwa wizi wa mabavu. Ulimwengu mzima ulijua kwamba aliyefungwa ni mpinzani wa serikali. Karatasi za mahakama zilisema ni mwizi.

Mageuzi ya mwaka 1997 yaliondoa kizuizi bila kesi, na ni ushindi tusioubeza. Lakini tangu hapo serikali inayotaka kumnyamazisha raia imelazimika kumtafutia shtaka la kawaida, na katika maghala yake hakuna shtaka jepesi kulichukua kuliko hili la mali. Ghasia zikitokea mahali, kioo kilichovunjika hakikosekani. Panapokuwa na kioo kilichovunjika, kinachosalia ni kumpata wa kukilipia.

MKUKI KWA NGURUWE

Kabla hatujaingia katika vifungu vya sheria, na tuulize ni nani hasa aliyeharibu mali nyingi zaidi katika nchi hii.

Mnamo Mei 1990 kijiji cha Muoroto, Nairobi, kilibomolewa juu ya vichwa vya wakazi wake. Vibanda vile vilikuwa nyumba, na vyombo vilivyokuwamo vilikuwa mali. Mwishoni mwa Aprili 1993 polisi walivamia kiwanda cha uchapishaji cha Fotoform, kilichokuwa kikichapisha magazeti yaliyoikosoa serikali, wakaiharibu mitambo isiweze kufanya kazi. Usiku wa tarehe 2 Machi 2006, chini ya serikali nyingine iliyoingia kwa kura za wapenda mageuzi, watu waliofunika nyuso walivamia ofisi na kiwanda cha gazeti la The Standard, wakachoma magazeti yaliyokuwa tayari kusafirishwa na kuilemaza mitambo. Waziri wa usalama wa wakati huo, John Michuki, hakukana. Alisema anayemchokoza nyoka ajiandae kuumwa. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kiligeuzwa vifusi. Wakazi wake walifuata haki kwa karibu miaka 10, hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake Januari 2021 na kutambua kwamba haki ya makazi inawalinda pia watu wasio na hati ya ardhi.

Maneno ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu hayambagui mtu. Kifungu kinasema kwamba yeyote anayeharibu mali kwa kusudi na kinyume cha sheria ametenda kosa, na anaweza kufungwa miaka 5. Hakikusema “yeyote asiyevaa sare”. Hata hivyo, trekta la serikali linapopita juu ya kibanda cha mama mchuuzi, tendo hilo huitwa usafi wa jiji. Kijana anaporusha jiwe likavunja taa ya trekta hilo, huitwa jinai. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Hatusemi haya ili kupata ruhusa ya kuvunja. Kosa la mmoja halihalalishi kosa la mwingine, wala hakimu hatamwachilia mtu kwa sababu polisi nao huvunja. Tunayasema ili raia aliyeko kizimbani asiinamishe kichwa kana kwamba anayemshtaki ni mlinzi safi wa mali ya taifa.

SERIKALI INAPASWA KUTHIBITISHA NINI

Sasa na tuifungue hati ya mashtaka tuone imebeba mzigo gani. Tangu uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, ambao mahakama zetu zimeufuata siku zote, mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuvunja. Serikali ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha kwamba alivunja, tena pasipo shaka ya maana. Katika shtaka la kuharibu mali, wajibu huo una sehemu kadhaa, na kila sehemu ni mahali pa kusimamia utetezi.

Sehemu ya kwanza ni uharibifu wenyewe. Ni kitu gani kilichoharibika? Kiko wapi? Picha zilipigwa lini, na nani? Hati ikisema gari la polisi liliharibiwa kwa thamani ya fedha kadha wa kadha, basi na aletwe fundi aliyelikagua, na stakabadhi za matengenezo zionekane. Mara nyingi thamani iliyoandikwa katika hati ni makadirio ya mtu aliyeketi mezani, na shahidi akihojiwa vizuri huanza kubabaika.

Sehemu ya pili ni mali ya nani. Hati humtaja mwenye mali, na aliyetajwa anapaswa kuja kusema mali hiyo ni yake, au ya ofisi yake, na kwamba hakumruhusu mtu kuiharibu. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Katika kesi za ardhi iliyonyakuliwa ndilo kubwa kuliko yote, kama tutakavyoonyesha.

Sehemu ya tatu ni kusudi. Aliyesukumwa na umati uliokuwa ukikimbia risasi akaangukia kibanda cha magazeti hakukusudia kukivunja. Aliyevunja dirisha ili atoke katika jengo lililojaa gesi ana sababu ambayo wakili wake anapaswa kuisikia siku ya kwanza, si siku ya hukumu. Kuharibika kwa kitu na kukiharibu kitu kwa kusudi ni mambo mawili, na sheria imeyatenganisha.

Sehemu ya nne, na hapa ndipo kesi nyingi za maandamano zinapopaswa kuanguka, ni utambulisho. Nani alimwona mshtakiwa huyu, kwa macho yake, akikiharibu kitu hiki? Uamuzi wa Roria wa mwaka 1967, katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, uliwaonya mahakimu kuhusu hatari ya kumtia mtu hatiani kwa utambulisho wa shahidi mmoja. Fikiri basi juu ya afisa aliyekuwa na kofia ya chuma, katikati ya moshi na watu maelfu, ambaye asubuhi ya pili anaapa kwamba anazikumbuka sura za vijana 15 waliopangwa mbele yake. Na aulizwe alisimama umbali gani. Na aulizwe kama aliandika maelezo ya mavazi yao siku ile ile. Na aulizwe ni nani aliyemkamata kila mmoja, katika barabara ipi na saa ngapi. Ushahidi ukiwa ni video, sheria ya ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka hati ya kuthibitisha jinsi ilivyopatikana na kutunzwa. Haitoshi kuonyesha mahakama picha zilizookotwa katika simu isiyojulikana mwenyewe.

Upande wa mashtaka hujaribu kuliziba pengo hili kwa kifungu cha 21, kile cha nia ya pamoja. Husema: walikuwa pamoja, basi wote walivunja. Hilo si neno la kifungu. Kifungu kinataka ithibitishwe kwamba watu waliungana katika kusudi lisilo halali, na kwamba kosa lililotendwa lilikuwa tokeo linalotarajiwa la kusudi hilo. Kuandamana si kusudi lisilo halali. Kifungu cha 37 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Mtu aliyetoka kwake kwa haki hiyo hawezi kubebeshwa jiwe la mtu mwingine kwa sababu tu walikuwa katika barabara moja.

Tena tusisahau historia ya wahuni wa kukodiwa. Katika miaka ya 1990 kundi lililojiita Jeshi la Mzee lilitumwa kuwapiga wapenda mageuzi huku polisi wakitazama. Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya Nairobi, ulimwengu uliona tena watu wenye marungu na mijeledi wakiwashambulia waandamanaji mbele ya polisi. Nchi yenye historia kama hii haiwezi kuchukulia kwamba kila dirisha lililovunjika siku ya maandamano lilivunjwa na mwandamanaji.

UKUTA ULIOJENGWA JUU YA UWANJA WA WATOTO

Kuna utetezi mwingine ambao Wakenya wengi hawajawahi kuusikia, ingawa umo katika Kanuni ya Adhabu yenyewe. Kifungu cha 8 kinasema kwamba mtu hana hatia ya jinai katika kosa linalohusu mali ikiwa alitenda tendo lake katika kutekeleza haki ambayo aliamini kwa dhati kuwa anayo, pasipo nia ya kulaghai. Mahakama za Afrika Mashariki zimeeleza tangu miaka ya 1960 kwamba kinachopimwa ni udhati wa imani hiyo. Hata ikija kuonekana baadaye kwamba alikosea kuhusu sheria au kuhusu ukweli wa mambo, udhati wake waweza kumkinga.

Kwa nini kifungu hiki ni muhimu kwetu? Kwa sababu mali iliyogombaniwa zaidi katika nchi hii ni ardhi ya umma iliyoibwa. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 za ardhi zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Kila moja ya hati hizo yaweza kuzaa ukuta, na kila ukuta waweza kuzaa mshtakiwa.

Kumbuka msitu wa Karura. Wanyakuzi waligawiwa vipande vya msitu wa umma wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga, na mnamo Oktoba 1998 mitambo ya ujenzi iliyokuwa msituni iliteketezwa. Watawala walilia juu ya mitambo. Juu ya miti hawakulia. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai alipokwenda kupanda miti alipigwa na kutiwa jeraha kichwani na walinzi wa kukodiwa. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Rais Moi alilazimika kutangaza kusimamishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu upo hadi leo. Je, kama wanyakuzi wangeachwa, mitambo yao ingekuwa mali, na msitu wetu ungekuwa nini?

Au kumbuka Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi. Januari 2015 watoto walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa kukatiza uwanja wao wa michezo. Tarehe 19 ya mwezi huo walijitokeza pamoja na wanaharakati, wakausukuma ukuta ukaanguka. Polisi waliwarushia watoto wa shule gesi ya kutoa machozi. Kwa kipimo cha polisi asubuhi ile, ukuta ulikuwa mali na watoto walikuwa waharibifu. Siku chache hazikupita kabla ya serikali yenyewe kukiri kwamba uwanja ni wa shule. Mtu yeyote ambaye angeshtakiwa kwa ukuta ule angekuwa na haki ya kusimama na kusema: niliamini kwa dhati kwamba uwanja huu ni wa umma, nami ni sehemu ya umma huo.

Lakini na tueleweke. Kifungu cha 8 si kibali cha kiberiti. Hakimlindi anayemjeruhi mlinzi aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo. Hakimlindi anayechoma duka la jirani kwa kuwa tu ana hasira na serikali, kwani hana imani ya dhati kwamba duka lile ni lake. Na anayetaka kukitegemea anapaswa kuwa na kitu cha kuonyesha: barua alizoandikia ofisi ya ardhi, ramani ya zamani, kumbukumbu za mkutano wa wazazi, mashahidi wa makamo wanaokumbuka uwanja ulikuwa wa nani. Imani ya dhati huacha nyayo. Wanaotetea ardhi ya umma na wazihifadhi nyayo hizo mapema, kabla ukuta haujagusika.

USIKIRI ILI URUDI NYUMBANI

Tunafika sasa pale tunapopoteza kesi nyingi zaidi. Kijana amelala seli siku mbili. Mama yake yuko nje, hana nauli ya kurudi kesho. Mtu mmoja, mara nyingine mwenye sare, mara nyingine asiye nayo, humnong'oneza: kubali tu, utatozwa faini ndogo, yataisha. Naye hukubali. Kumbe hayajaisha. Amejiandikia rekodi ya jinai itakayomfuata kila atakapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi. Faini isipolipwa hugeuka kifungo. Na ushahidi ambao haukuwapo sasa hauhitajiki tena.

Sheria imeweka kinga hapa pia. Katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wanatakiwa kuufuata: shtaka na viungo vyake vyote visomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akipinga jambo la msingi, kukiri kwake kunafutwa na inaandikwa kwamba amekana. Basi kijana anayesema, “Nilikuwapo, lakini sikuvunja kitu,” hajakiri kosa. Amekana, na kesi inapaswa kusikilizwa.

Vivyo hivyo kwa maungamo ya kituoni. Sheria ya ushahidi haiyapokei mpaka yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa pale muda huo unapoishia nje ya saa za mahakama, na haki ya dhamana yenye masharti ya haki. Dhamana ambayo mwana wa mkulima hawezi kuilipa kwa mwaka mzima wa jasho si dhamana. Ni kifungo kilichobadilishwa jina.

Na upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake bila kuthibitisha mambo ya msingi, mshtakiwa anapaswa kuachiliwa hapo hapo kwa kuwa hana kesi ya kujibu. Katika uamuzi wa Bhatt wa mwaka 1957 ilisemwa kwamba kesi ya kujibu ni ile ambayo mahakama, ikizingatia sheria na ushahidi uliopo, ingeweza kumtia mshtakiwa hatiani kama asingejitetea. Wengi waliokiri asubuhi ya kwanza wangefika hapo na kutoka huru.

KUTOKA MIAKA 5 HADI MIAKA 30

Watawala wameona kwamba raia wanaanza kujifunza haya, nao wakatafuta rungu kubwa zaidi. Baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2025, siku ambayo raia waliwakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia, baadhi ya waliokamatwa walifikishwa katika mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi yaliyotokana na kuchomwa kwa majengo ya serikali. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30. Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba kuvuruga huduma katika maandamano si ugaidi, mradi hakukukusudiwa madhara iliyoyataja, likiwemo la uharibifu mkubwa wa mali. Tunauliza: aliyechoma jengo, kama ithibitishwavyo ni yeye, hakuna kifungu cha kumshtaki? Kipo. Kifungu cha 332 kinaadhibu uchomaji wa majengo hadi kifungo cha maisha. Basi neno ugaidi limeletwa kwa kazi nyingine: kuinyima dhamana familia, kumtisha jirani asije kutoa ushahidi, na kumfundisha kila kijana kwamba bango ni bomu.

Kwa wenzetu wanaosema kwamba kwenda mahakamani ni kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani, tunajibu: mahakama za leo si zile za 1986, na hazikubadilika kwa hisani ya mtu. Zilibadilishwa na akina mama waliofunga kula Uhuru Park mwaka 1992, wakapigwa na polisi, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints na kukaa hapo mpaka wana wao wakaanza kuachiliwa. Zilibadilishwa na mawakili waliotetea bila malipo. Kuziacha mahakama leo ni kuwaachia watawala uwanja tuliouteka.

Na kwa wachache wanaodhani mapambano ni kuteketeza, tunajibu kwa uchungu ule ule. Mchuuzi aliyevunjiwa kibanda Nairobi mwezi Juni 2025 alikuwa na mkopo wa kulipa, na watawala hawakupoteza hata shilingi moja kwa hasara yake. Kila duka linaloporwa ni hotuba ambayo serikali haikulazimika kuiandika. Hatutamtetea mporaji kwa jina la mageuzi. Tutatetea haki yake ya kusikilizwa kwa haki, kwa kuwa haki hiyo ni ya wote, na tutamwambia usoni kwamba alitukosea.

TUNAYOYADAI, NA TUNAYOPASWA KUTENDA

Tunamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatae kila hati inayowashtaki watu kwa mafungu bila kueleza kila mmoja alitenda nini, mahali gani na wakati gani. Tunataka mashtaka ya ugaidi dhidi ya waandamanaji yaondolewe, na mwenye ushahidi wa kosa la mali alete kosa la mali. Tunataka maafisa wanaobomoa, wanaochoma na wanaovunja washtakiwe kwa kifungu kile kile cha 339. Tunataka huduma ya msaada wa sheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ipewe fedha za kuifikisha hadi mahakama za wilayani, ambako mshtakiwa bado husimama bila wakili.

Sisi wenyewe tuna wajibu usiohitaji ruhusa ya mtu. Kila tawi na liwe na orodha ya mawakili na ya watu walio tayari kuweka dhamana. Kila anayeandamana na aandamane pamoja na mwenzake anayemjua, ili mmoja awe shahidi wa mwingine. Anayekamatwa ajulikane kwa jina, kituo alichopelekwa na saa aliyokamatwa, na ahakikishe limeandikwa katika kitabu cha matukio. Anayepiga picha aihifadhi ya asili bila kuikatakata, na akumbuke saa na mahali. Jamaa wafike mahakamani siku zote za kesi, si siku ya kwanza pekee, kwa maana hakimu na kiongozi wa mashtaka huona nani ameachwa peke yake.

Na kila mmoja wetu amfundishe jirani yake maneno haya, ayajue kama ajuavyo jina lake: “Sikubali shtaka. Naomba wakili. Naomba dhamana.” Ni maneno sita, na serikali nzima italazimika kuleta ushahidi ili kuyajibu.